Likelemba ya Jumamosi

Goma, Mabanga, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Sikuli mudogo wangu,

Barua hii ikukute muzima, wewe na Mama. Sisi huku tuko. Risasi mbili za Januari zilitoboa paa, nimeziba. Depo yangu ya mbao ilivunjwa kufuli, lakini mbao ni nzito na wezi hawakupenda kazi. Walibeba misumari tu. Benki zimefungwa, kila mutu anauza kwa kile kiko mukononi. Sylvie wangu alizaa kule Kampala, mutoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Mwambie Mama sasa ana kitukuu.

Ninakuandikia karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu yako unaizima. Usiniambie mambo ya rezo, kwamba simu haishiki. Paulin, huyu anayesindikiza mizigo kupitia Uganda, alikupigia siku ile ile niliyokupigia mimi na ukajibu ku mulio wa kwanza. Ni mimi tu unanizimia.

Neno lenyewe ni Masika. Tangu Januari mutoto wako hasemi. Si kwamba anasema kidogo. Hasemi. Siku mabomu yalipoanguka karibu, aliingia chini ya meza ya kulia, na tangu siku hiyo ndipo analala. Nimemutengenezea kitanda kwa mbao nzuri ya depo. Anakitazama kama mutu anavyotazama vitu vya duka ambavyo si vyake.

Ulipomuleta kutoka Kiwanja, baada ya kumuzika Kanyere, mama yake, kando ya barabara, ulisema, "Yaya, dada yangu mukubwa, miezi miwili tu, nitafute kazi Butembo nirudi kumuchukua." Masika alikuwa na miaka saba. Sasa anakaribia kumi. Mimi ninajua kuhesabu, Sikuli. Nilianza na beseni moja la samaki wadogo, sambaza, ku soko la Kituku na leo niko na depo. Sikufika hapa kwa kusahau hesabu.

Siombi cha kumulisha. Anakula. Ninaomba uje.

Kuna Papa Hilaire, psikologu wa kituo cha afya, na mama mumoja muuza makaa, Mukabalisa. Walipita hapa wakitaka nimuweke Masika mu kikundi chao. Niliwakatalia. Vikundi nimeviona. Wanakuja, wanagawa fulana, wanapiga picha, wanakwenda, na mutoto anabaki chini ya meza na fulana mupya.

Uje.

Angèle


Butembo, tarehe 2 mwezi wa nne 2025

Yaya Angèle,

Ninakusalimu kwa heshima nyingi, pamoja na wote wa nyumba. Barua ilichelewa, Paulin alikwama Kasindi. Mama yuko. Muguu wa kushoto unavimba wakati wa baridi. Alifurahi sana kusikia ana kitukuu, akauliza kama wamemubatiza, akauliza tena jioni. Kitenge ulichotuma anakivaa kila siku, hata kufuliwa anakataa.

Hapa ni mvua tu. Atelye yetu ya useremala imepata kazi ya shule moja, milango kumi na nane. Muti waliotuletea ni mubichi, unapinda hata kabla ya kupigwa randa, nimewaambia hawasikii.

Kuja, kwa sasa siwezi. Mama hawezi kubaki peke yake, hata kwenda ku choo ni mimi ninamushika mukono. Na barabara unaijua.

Salimia wote wa nyumba.

Sikuli


Goma, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Sikuli,

Salamu kwako na kwa Mama. Mutoto wa Sylvie walimubatiza Pasaka, Mama apumue. Akikaa, muguu auweke juu ya kiti. Na kitenge mukimufulie akilala.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jina moja. Nimepata milango kumi na nane. Nimepata muti mubichi. Masika sikumuona. "Wote wa nyumba," unasema. Mu nyumba hii tuko wawili, na mumoja ni mimi.

Sasa sikiliza, maana nimefanya kosa na ninataka ulisikie kwangu, si kwa Paulin.

Likelemba unaijua: wanawake tunachanga, leo mumoja anakula chote, wiki ijayo mwingine, mpaka wote wamekula. Sawa. Papa Hilaire alikuwa na chumba kizuri ku kituo cha afya, viti vyenye mito, dirisha na rido, pazia zuri, na hakuna aliyeingia. Nani ataingia mulango ambao mutaa muzima unajua ni wa wenye vichwa vimechoka? Mukabalisa alikuwa anauza makaa chini ya dirisha hilo. Siku moja alimwambia, "Dokta, hawa watu hawakuogopi wewe. Wanaogopa kuwa wagonjwa peke yao. Uwape zamu." Hilaire hakucheka. Alishuka akakaa naye ku magunia ya makaa, wakamuita mwalimu Dative, na watatu hao wakatengeneza likelemba isiyo ya feza. Inayochangwa ni Jumamosi.

Familia ni kumi na nne. Kila Jumamosi ya pili, kumi na tatu zinakwenda kwa moja, zinamufanyia mwenye nyumba kazi iliyomushinda, na watoto wanacheza mu parseli, uwanja wa nyumba, michezo ambayo Dative na Hilaire wamepanga pamoja. Mwenye zamu anakaa ku kiti. Akitaka kusema, Hilaire yuko kando yake. Asipotaka, watu wanafanya kazi wakinyamaza pamoja naye. Zamu ijayo ni mwingine. Hakuna mugonjwa na hakuna munganga. Hilaire mwenyewe ana Jumamosi yake, maana Januari naye alikuwa hapa.

Nilipopiga hesabu, moyo ulilainika. Watu kumi na watatu, saa nne kila mumoja: saa hamsini na mbili za mikono mu nyumba moja, siku moja. Hakuna shirika lililonipa hata mbili. Nikamuandikisha Masika.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa kwa Mukabalisa. Kwangu Jumamosi ni siku ya wateja. Dative alipita kumuchukua Masika kwa mukono, na mimi nikafanya kama tunavyofanya mu likelemba zote: usipofika, unatuma muchango. Nikapakia ku moto, pikipiki ya kukodi, mufuko wa maharagi na anvelopi ya feza.

Moto ikarudi na mufuko. Anvelopi ilikuwa juu yake, haijafunguliwa. Motari anacheka: "Mama, wanasema maharagi hayajui kupiga musumari."

Nilifunga depo saa ile ile. Nilikwenda kuwaambia kile ninafikiri. Mukabalisa alikuwa amekaa ku kiti chake, wengine wanabomoa ukuta uliooza.

"Mama Mukabalisa, mimi si mutu wa kurudishiwa mufuko."

"Karibu, Mama Angèle. Umefika."

"Sikufika. Nimekuja kuuliza."

"Na ukikuja kuuliza, si umefika?" Watu wakacheka. Mimi nikatafuta kitu cha kuwashinda nacho. Nikashika ubao mumoja wa ule ukuta.

"Mbao gani hii, imeoza mpaka ncha! Nani aliwauzia?"

Dative akajibu kwa adabu: "Ni wewe, mama. Mwezi wa kumi na mbili."

Hawakucheka tu, walilia kwa kucheka, hata Mukabalisa ku kiti chake, na wanasema tangu afike Mabanga hakuna aliyemuona hivyo. Nilituma mbao mupya kutoka depo, nikavua viatu, nikapiga misumari mpaka saa kumi.

Masika alikaa kando ya ukuta, mikono ku magoti. Hakucheza. Lakini alikaa nje, ku jua, kati ya watoto wengine. Tangu Januari alikuwa hajakaa nje. Nilikuwa na misumari mu kinywa, ndiyo maana sikulia.

Zamu yetu ni tarehe 23 mwezi wa nane. Anayekaa ku kiti ni muzazi.

Angèle


Butembo, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Yaya,

Ninakusalimu, na Mama anakusalimu. Muguu umepungua. Milango ya shule imekwisha, tumeanza madirisha.

Nimesoma jina uliloandika. Mukabalisa. Nimemuuliza Paulin, anasema ni mama wa Rutshuru na anaongea Kinyarwanda na watoto mu parseli. Yaya, wewe siku ile Kanyere alipouawa ulikuwa Goma. Hukuwa ku barabara ya Kiwanja. Mimi nilisikia ni lugha gani ilikuwa inaitana mu mashamba, na Masika aliisikia, alikuwa mugongoni mwangu. Sitaki mutoto wangu akae mu parseli hiyo. Umutoe. Kama umechoka naye, umupe Paulin amulete huku. Nitaona.

Samahani kwa kalamu kali. Wewe ni mukubwa wangu.

Sikuli


Goma, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Mudogo wangu,

Nimefurahi kwa muguu wa Mama. Mimi nilikuwa na malaria, imekwenda. Umeme unakuja na kuondoka kama mugeni asiyeaga.

Aksanti kwa kalamu kali. Ni barua yako ya kwanza yenye jina la mutoto ndani. Niliisoma nikasema, huyu baba bado yuko.

Lakini "nitaona"? Mutoto si dirisha.

Nikuambie juu ya huyo mama. Na mimi nilikuwa kama wewe. Jumamosi za kwanza nilikuwa ninahesabu maneno yake, ngapi Kiswahili, ngapi Kinyarwanda. Mwisho nikamuuliza Dative alifika Goma namna gani. Mukabalisa alikuwa na nyumba na mbuzi juu ya Rutshuru, na vijana wawili wa kiume. Asubuhi moja watu wenye silaha walisimama mulangoni kwake, na lugha waliyokuwa wanaongea ilikuwa Kinande. Kinande, Sikuli. Yetu. Wale vijana hawakurudi. Alikimbilia kambi, na kambi ilipomushinda akaja Mabanga na magunia yake.

Hakuniambia yeye. Hajaniambia mpaka leo. Juzi Mama alinipigia kwa simu ya jirani yenu, nikamujibu kwa sauti kubwa, Kinande tupu, na Mukabalisa alikuwa kando yangu anashona kifungo cha roba, gauni la Masika. Nilipokumbuka, nilinyamaza katikati ya neno. Yeye hakusimamisha sindano. Akasema, "Endelea, mama. Na umusalimie." Miaka ishirini na sita ninafanya biashara na watu wa kila namna. Mutu mugumu namna hiyo sijaona, na mupole pamoja.

Sasa meza. Hilaire alikuja kuitazama. Nilingoja aniambie nivute mutoto atoke, kama walivyosema wote, mpaka katekista. Alilala chini, mutu na suruali yake nzuri, akaingiza kichwa, akakaa humo kidogo. Akatoka akasema, "Usimutoe. Amechagua mahali penye miguu minne na kifuniko. Amefikiri vizuri. Tumusaidie apapanue." Mimi nikauliza, kupanua na nini? Akasema, hapo hajui, yeye alisoma mambo ya kichwa. Mukabalisa akaleta godoro alilopewa kambini. Dative akashona rido na kuweka daftari na kalamu za rangi. Mimi nikakata ubao, nikaupigilia upande wa dirisha, upepo usiingie. Sasa kule chini ni nyumba, na mutu mwenye nyumba anaweza kutoka, maana anajua atarudi. Masika anatoka. Anafagia. Anabeba watoto wadogo wa likelemba mugongoni.

Peke yangu ningemuvuta kwa mukono. Hilaire peke yake angebaki na chumba chake kizuri. Unaelewa kwa nini siwezi kumutoa kwa hawa watu?

Wewe ni baba yake. Una haki ya kuja kumutoa mwenyewe. Tarehe 23 mwezi wa nane.

Angèle


Butembo, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Yaya Angèle,

Salamu nyingi. Mama alianguka ku ngazi ya jikoni, ameumia kiwiko, si vibaya sana. Kwa hiyo tarehe 23 sitaweza. Nani atabaki naye?

Barua yako nilimusomea. Aliniambia nirudie pale pa meza. Nikarudia. Akasema, "Huyo aliyesema wasimutoe, ni mutu." Pale pa Kinande pia nilimusomea. Akaomba rozari yake.

Yaya, unasema ninazima simu. Ni kweli. Siku za kwanza ulikuwa unamupa Masika simu, anasema, "Papa, habari," na sauti ilikuwa ya Kanyere. Si kufanana. Kanyere mwenyewe. Nilikuwa ninakata, ninakwenda nyuma ya atelye. Halafu mwaka huu ukaniandikia kwamba hasemi tena. Unajua kitu cha kwanza kilichopita mu moyo wangu? Sitakiandika. Mutu wa namna hiyo mutamuweka ku kiti cha nini?

Nina swali moja tu. Huyo mama, siku ya zamu yake, alisema nini akiwa ku kiti?

Sikuli


Goma, tarehe 31 mwezi wa nane 2025

Sikuli, mutoto wa mama yangu,

Ninakusalimu, ninamusalimu Mama na kiwiko chake. Kile hukuandika, nimekisoma. Hatutakiongea.

Unauliza Mukabalisa alisema nini. Zaidi ya kunitania mimi, hakusema kitu. Saa nne nzima alikaa, sisi tunapiga misumari. Mwisho akasema, "Muniletee maji." Watu kumi na watatu walikimbilia ndoo moja. Basi. Kile kiti hakiombi hotuba.

Nilikwenda kwa Hilaire kusema kwamba tarehe 23 hatuna muzazi. Nilikwenda tayari kwa kugombana, wewe unanijua. Unajua pia kwamba mu likelemba, mwenye shida anabadilishana zamu na mwenzake. Hilaire alikuwa wa mwisho, tarehe 4 mwezi wa kumi. Akasema, "Chukua yangu, mama. Mimi nitakaa ku yenu." Nilifikiri anafanya kwa wema. Sasa nafikiri alikuwa amechoka kungoja.

Akakaa. Tulikuwa tunamenya viazi mu parseli yake. Hajamaliza hata nusu saa, akalia. Munganga wa wengine, mikono juu ya uso, mabega yanapanda na kushuka. Hakuna aliyekimbia kumunyamazisha. Mukabalisa aliendelea kumenya kiazi chake, akasogeza kiti karibu kidogo. Nimeona watu wengi wakisaidia, Sikuli. Wengi wanasaidia kwa kelele. Sijaona kitu kizuri kama kile kiazi.

Lakini kulikuwa na mutoto wa miaka mitatu, wa familia iliyofika kutoka Masisi. Aliogopa kuona mutu mukubwa analia, akakimbilia mulango wa parseli, na nje moto zinapita. Aliyekuwa karibu ni Masika. Alisimama, akanyoosha mikono, akasema, "Ngwino."

Siku nane nimefikiri kama nikuandikie hilo neno. Unalijua. Ni "njoo," na ni Kinyarwanda. Neno la kwanza la mutoto wako tangu Januari. Ningeweza kukuandikia kwamba alisema Kiswahili, ungefurahi, na Paulin asingenisaliti. Lakini yule mudogo haelewi lugha nyingine, na Masika alitumia ile iliyoweza kumurudisha. Alirudi.

Na mimi nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Miezi saba ninapika, ninafua, ninalala na sikio moja wazi, na neno la kwanza halikuwa langu. Nilimwambia Mukabalisa. Akanijibu, "La pili litakuwa lako." Halikuwa langu. Lilikuwa la paka. Sasa anasema kidogo kidogo, asubuhi zaidi, na jina langu lilifika la sita au la saba.

Tuje kwa Mama. Kila mara unaandika, nani atabaki naye? Swali zuri. Jibu ni mimi. Paulin anatangulia na barua hii, mimi ninafuata nikimaliza kuuza mbao zilizoko, na katikati ya mwezi wa tisa utaniona mulangoni Butembo. Depo itafungwa. Mukabalisa anahamia hapa kwangu kukaa na Masika, amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Paulin akigeuza gari kurudi, nafasi ya kando yake ni yako.

Kwa hiyo ukifika, atakayekufungulia mulango ni yeye. Nilifikiri nikufiche, nikaona ni vibaya kwenu wote wawili.

Kile kiti, mimi sitakiona. Nilitaka kuwa pale tarehe 4 kuliko kitu kingine chochote mwaka huu, na nitakuwa Butembo ninashika Mama mukono kwenda ku choo. Kwa hiyo uniandikie. Si milango.

Angèle


Goma, Mabanga, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Yaya Angèle,

Masika yuko muzima. Amerefuka, hukuniambia, kichwa chake kinafika ku kifungo cha pili cha shati langu. Nywele anajisuka mbele mwenyewe, nyuma Dative anamalizia. Meno ya mbele yamepishana kidogo. Wewe na Mama natumaini muko vizuri. Mama anapenda chai kabla ya maombi, ukimupa baada hatainywa.

Alifungua Mukabalisa, kama ulivyosema. Tangu Kasindi nilikuwa ninatafuta neno la kumwambia, sikulipata. Akasema, "Karibu, Papa Masika," akapokea mufuko wangu, akarudi nyuma sana ili nipite bila kumugusa. Kisha akakusanya vitu vyake, akaenda kukaa kwa Dative. Nyumba akaniachia. Masika alikuwa nyuma ya rido yake. Nilikaa chini, upande huu. Zikapita siku hivyo, tunakula, anaosha sahani, ananitazama nikigeuka. Kwangu hakusema. Lakini nilimusikia akisema na paka.

Jana walikuja wote. Wakabeba maji, wakafua mablanketi, wawili wakapanda juu ya paa kuziba upya yale matundu. Samahani, yaya, hukuziba vizuri.

Nikakaa ku kiti. Mikono yangu haijui kukaa bure, nikaomba hata kipande cha muti nichonge. Hilaire akasema, "Leo hapana, papa." Watoto wakaanza kucheza, na kelele yao ilikuwa Kinyarwanda na Kiswahili vimechanganyika. Magoti yakaanza kutetemeka. Si kidogo, kiti chenyewe kilikuwa kinagonga sakafu. Nilikuwa nimeshatazama mulango. Mukabalisa aliona, nafikiri kabla ya Hilaire. Akapiga makofi mara moja, watoto wakanyamaza. Akaja mbele yangu, hakukaribia sana, akauliza, wote wanasikia:

"Papa Masika, leo hapa ni kwako. Tuongee lugha gani?"

Hakukuwa na hasira mu sauti yake. Aliuliza kama mutu anayeuliza sufuria iwekwe wapi. Na nilijua kwamba ningesema Kiswahili tu, wangenitii mpaka jioni, hata yeye, hata yule mudogo wa Masisi, ambaye angenyamaza siku nzima kwa sababu hana kingine. Alikuwa mugongoni mwa Masika. Masika alikuwa ameshika fundo la kitenge kwa mikono miwili, ananitazama, naye anangoja jibu.

Nikasema, "Ile watoto wanacheza nayo. Waendelee."

Wakaendelea. Magoti yalitetemeka mbele ya watu wote hao na hakuna aliyeyatazama. Mukabalisa alikwenda kufua. Wakati fulani yaliacha, sijui lini. Hilaire aliniuliza kama ninataka kusema kitu. Nilisema jina la Kanyere. Jina tu. Juu ya paa nyundo zikasimama, wanawake wakaacha kufua, kisha kazi ikaendelea. Yaya, tangu nimuzike hakuna mutu aliyesimama kwa ajili ya jina hilo.

Walipokuwa wanaondoka nilimushukuru Mukabalisa. Nilimwambia "Murakoze," aksanti ya Kinyarwanda, vibaya, sijalisema tangu Kiwanja. Akanijibu, "Wasingya," aksanti ya Kinande, yetu. Sijui nani alimufundisha. Alilisema vibaya kama mimi.

Kaa na Mama bado kidogo, ninakuomba. Zamu zinaanza upya, na Jumamosi ya kwanza ni kwa bibi mumoja mwenye mulango usiofunga, na nimewaambia nitakuja.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni, mugongo kwa mulango. Nikasikia, "Papa, nikuwekee sukari?" Sauti ni ile, yaya. Ile ile. Nilishika meza. Nikasema, "Weka." Akaweka vijiko vitatu. Unajua mimi tangu utoto chai ya sukari siwezi kuinywa. Nilikunywa kikombe chote. Akaniuliza kama aongeze, nikasema aongeze.

Sikuli